Kwa Hadija, Aliyejua Tangu Siku ya Kitenge

Hadija mwanangu,

Tangu uliposema lile neno kwenye simu, sijatulia. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nasimama, nakaa tena. Chai inaletwa, inapoa, inaondolewa. Mjomba wako Saidi amekuja mara mbili kutoka gereji kuniuliza kama nimeanguka. Namjibu sijaanguka, naye anaondoka akitikisa kichwa, maana sura yangu ni ya mtu aliyeanguka. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote ya kazi, na sikumbuki mwanafunzi aliyenikamata mbele ya darasa nikakosa la kusema. Wewe umenikamata.

Barua hii naiandika wazi, isomwe hapa mtaani kwetu Buyenzi kabla haijakufikia, kwa sababu walioshika siri pamoja nami walikuwa wengi na kila mmoja anastahili kusikia ilivyoishia. Kwa asiyejua, naanza na jambo lenyewe bila kulizungusha. Mama yako alifariki wewe ukiwa Ufaransa unamalizia shahada yako ya udaktari. Tulikuficha. Mimi nikachukua simu yake, nikawa nakuandikia kana kwamba ni yeye, mpaka siku uliyotetea tasnifu yako. Siku hiyo nilikupigia nikuungamie, nawe ukaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ulikuwa unajua.

Ulikuwa unajua! Nalirudia hapa kwenye karatasi nione kama litapungua ukubwa. Halipungui.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho nyumbani? Mlikaa uani, mama yako anachambua mchele, mjomba wako amepita kula kama kawaida yake, nami nikakuomba utueleze kazi yako kwa maneno ambayo sote tutayaelewa. Uliinuka ukachukua tyubu ya gurudumu ambayo Saidi alikuwa ameiegemeza ukutani, ukaishika kwa mikono miwili.

"Chukulieni hii," ulisema. "Lakini ndani si hewa. Ndani kuna moto mkali kuliko wa jua, na hakuna chuma cha kuubeba. Kwa hiyo unaelea katikati, sumaku zinauzuia usiguse ukuta. Siku tukiweza kuushika vizuri, utatoa umeme."

"Na ukigusa?" Saidi aliuliza, mdomo umejaa.

"Unazimika palepale, na ukuta unaumia."

"Sasa kazi yako we ni nini hapo?"

"Mi nachunga usiguse. Hautulii, Mjomba. Ukiuacha peke yake unakimbilia juu au chini. Kompyuta inausukuma urudi, inausukuma urudi, mara nyingi kabla hujapepesa jicho. Mi ndiye naifundisha ile kompyuta isukume vipi."

Mama yako aliweka ungo chini. "Yaani mutoto amesoma miaka hii yote, amepanda ndege, kwenda kwa Wazungu kuchunga moto? Mi nachunga jiko toka nilipoolewa, na apana hata mutu mumoja aliyenipa diploma!"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Saidi akataka kujua kama sumaku hizo zinapatikana Dubai, maana kwake kipuri kisichopatikana Buyenzi kinapatikana Dubai, na kisichopatikana Dubai hakijatengenezwa.

Mimi niliuliza swali la mwalimu. Kama huwezi kutia kipimo ndani ya moto huo, utajuaje hali yake? Uliniangalia kwa furaha, nakumbuka, kama mtu aliyengoja swali hilo tu.

"Tunaweka vipimo nje, Baba. Lakini vipimo vya nje havitoshi. Kwa hiyo wakati mwingine tunausukuma kidogo kwa makusudi, kidogo tu, halafu tunatazama unajibu vipi. Kila kitu kina namna yake ya kujibu. Ukishaijua, unajua ndani kuna nini."

"Si vibaya," nilisema.

Hilo tu. Mwanangu ananieleza jambo ambalo wenzangu wote niliosoma nao wangelala wakiliota, nami namwambia si vibaya. Ulikunja mdomo kidogo ukarudisha tyubu ukutani.

Siku ya kuondoka mama yako alifungua sanduku akakupa kitenge chake cha kijani, kile alichoachiwa na bibi yako, ambacho mimi mwenyewe sikuruhusiwa hata kukianika. Akakwambia ukivae siku utakayoitwa daktari. Baada ya hapo koo lake likaanza kumsumbua, daktari akamkataza kusema sana, na yeye aliyekuwa anasikika mpaka barabara ya pili akazoea kukuandikia. Ndivyo ilivyowezekana mimi niwe yeye.

Sasa nakupa siku yenyewe, maana hujapewa na mtu.

Alianguka asubuhi jikoni, ni presha. Tulipofika hospitali walitwambia turudi naye. Tulimzika kabla ya alasiri, wanaume wa Buyenzi wote walikuja, hata mafundi wasiofunga gereji kwa mvua wala kwa vita walifunga. Tuliporudi kutoka makaburini tukakaa sebuleni, watu bega kwa bega, na Saidi, aliyekuwa amemzika dada yake wa pekee na udongo bado uko kwenye kucha zake, ndiye aliyeanza.

"Shemeji, mutoto akisikia ataacha yote. Atapanda ndege, atafika hapa, kaburi limeshafunikwa. Atafanya nini? Atalia. Kulia hata mwaka kesho atalia. Lakini zile karatasi zake hazitamungoja."

"Na mama yake alizitaka hizo karatasi kuliko sisi wote," akasema jirani yetu Bi Mwamvua kutoka mlangoni.

Wewe umekulia hapa, unajua desturi yetu. Mtoto aliye masomoni ng'ambo haambiwi msiba mpaka amalize mitihani. Tumefanya hivyo kwa watoto wa watu, tukajiona wenye huruma. Mimi niliyesoma, niliyepaswa kusimama niseme hapana, nilikaa nikitazama mkeka. Nilijiambia tutangoja wiki, tutatafuta maneno.

Hatukupata hata saa moja. Simu ya mama yako ilikuwa dirishani, ikalia mlio wa ujumbe. Kila mtu sebuleni aliigeukia. Saidi ndiye aliyeinuka akaitazama.

"Ni Hadija. Anauliza Mama ameshindaje."

"Mumujibu," mtu alinong'ona. "Akikosa jibu atapiga."

Wote wakanitazama mimi. Nikaichukua. Vidole vyangu vilikuwa na udongo wa kaburi lake, Hadija, nikaandika kwa vidole hivyo: *Salama mwanangu. Koo tu.* Ukatuma picha ya moyo. Nikatoka nje nikanawa mikono.

Sijui ni nguvu gani iliyoshuka kwenye kata hii. Buyenzi, ambako ukipika pilau nyumba ya tatu wanaleta sahani, ilificha kifo. Hakuna aliyeweka picha kwenye simu. Wanawake waliofunga khitma yake walikutana nawe mtandaoni wakakusalimu kana kwamba wametoka kuchota maji naye. Ulipotaka kupiga, tuliandika daktari amekataza. Ulipotaka kumwona, tuliandika mtandao mbovu, na hapo angalau hatukusema uongo.

Sasa nafika penye aibu yangu mwenyewe, isiyo ya Saidi wala ya jirani yeyote. Mwanzo nilikuandikia kwa ajili ya masomo yako. Lakini siku zilivyokwenda, niligundua kwamba naamka nikiisubiri simu ile. Kwa mama yako ulikuwa mtu nisiyemjua. Ulimwambia unaogopa kusimama mbele ya maprofesa. Ulimwambia kuna siku mashine yenu ilizimika kwa sababu ya hesabu yako, moto ukagusa ukuta, na hukula chakula siku nzima. Kwangu ulikuwa unaandika, "Kazi inaendelea vizuri, Baba." Nilikuwa nimemzika mke wangu, lakini kila nilipokuandikia nilimsikia anaendelea kusema, na kwa mlango huo huo nikapata binti. Nani angeiacha simu hiyo? Nilijua kwamba nakunyima haki ya kumwombea mama yako, na namnyang'anya mama yako dua ya mtoto wake, ambayo ndiyo mali pekee anayobaki nayo maiti. Nilijua, na bado asubuhi nikaichaji.

Kisha ukaandika juu ya kitenge. "Mama, usikasirike. Nimempa rafiki yangu kile kitenge cha Bibi. Alikuwa na sherehe, hana nguo. Amekikata akashona gauni."

Nilikaa na ujumbe huo muda mrefu. Nikatafuta jibu la mama mwema. Nikaandika: *Si neno mwanangu. Nguo ni nguo. Mungu atatupa kingine.* Nikaisoma mara ya pili nikaridhika nayo, nikaona nimekuwa hodari.

Hukujibu siku ile. Kesho yake ukaandika, "Asante, Mama," na mambo yakaendelea kama zamani.

Siku ya kutetea tasnifu tulikutazama kwa mtandao kwenye gereji ya Saidi. Alikuwa amepanga foleni ya mafuta tangu juzi yake ili jenereta isizime ukiwa katikati ya sentensi. Mafundi walikaa juu ya matairi, Bi Mwamvua na wenzake walikuja na viti vyao. Ulisimama umevaa suti nyeusi, sauti yako haikutikisika, na mchoro wa ile tyubu ukatokea nyuma yako, sasa ukiwa na herufi za hesabu ambazo nilizifuata mpaka ukurasa wa tatu na kisha nikapotea, na kupotea kule kulinipendeza kuliko lolote nililowahi kulielewa.

Maprofesa walipoanza kukuuliza maswali, Saidi alikunja uso. "Mbona wanamuhoji kama mwizi?"

"Ndiyo desturi yao."

"Desturi mbaya hiyo. Mutu amesema vizuri, wamuache akae."

Walipotangaza kwamba umekuwa daktari, wanawake walipiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakaingia wakidhani ni harusi. Fundi mmoja akauliza ni daktari wa nini, Saidi akamjibu, "Wa moto, we apana uliza." Mimi nilikuwa nimeshatoka. Nilitembea polepole mpaka nyumbani, nikafunga mlango, nikakupigia kwa simu yangu mwenyewe.

"Hadija, hongera. Kaa chini."

"Nimekaa, Baba."

"Mama yako..."

"Baba."

"Mama yako, mwanangu..."

"Baba, najua. Usijichoshe. Najua Mama alikufa. Nimejua toka kitenge."

Nilidhani masikio yangu yameharibika. Nikakuuliza kitenge gani, kama mjinga.

"Sikumpa mutu, Baba. Iko hapa, nimeivaa ndani ya suti. Nilikuwa nimeanza kuona kitu si sawa, nikasukuma kidogo nione. Mama wangu, nimwambie nimetoa kitenge cha Bibi kikakatwa, aniambie nguo ni nguo? Mama angepiga simu palepale, koo au si koo. Angenitukana mimi, na rafiki yangu, na fundi cherehani. Angelia. Halafu wiki nzima asiniandikie. Nilipoona lile jibu zuri, nilijua mama yangu hayupo. Na nilijua ni we unaandika, kwa sababu hakuna mutu mwingine anafikiri Mama alikuwa mupole."

Hapo ulicheka, mwanangu, na kicheko kikakatika katikati, nikasikia kwa mara ya kwanza kilio chako cha kumlilia mama yako, kikiwa kimezeeka tayari.

Nikakuuliza kwa nini hukusema. Jibu lako ndilo linalonikalisha na kunisimamisha hapa kitandani.

"Nilimusomea Yasini kila Alhamisi, Baba, apana sikitika juu ya hiyo. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nikisema najua, utaweka simu chini. Na ukiweka simu chini, utalala uangalie ukuta, na mimi niko mbali. Nilikuwa nimeshampoteza mumoja."

Baada ya kuagana nawe niliifungua simu ile nikaanza kusoma upya kuanzia kitenge kuja mbele. "Mama, Baba anakula?" Nilikuwa najibu, *Ameshakula*, halafu uongo unaniwasha, naenda jikoni natafuta mkate. "Mama, mwambie Baba asikae ndani siku nzima, aende hata gereji kwa Mjomba." Nilikuwa najibu, *Amekwenda*, halafu navaa viatu. "Mama, Baba anameza dawa zake?" Dawa nilikuwa nimezitupa chini ya kitanda wiki ile ya msiba. Nikapiga magoti nikazitafuta. Kila siku neno dogo. Siku ninapozidi kuinama, linakuja asubuhi na jioni. Nilijiona mimi ndiye niliyekubeba mpaka ukamaliza, kumbe nilikuwa nasukumwa nirudi katikati, siku baada ya siku, na mtoto aliyekuwa anafiwa peke yake katika chumba cha Ufaransa, akiandika tasnifu mchana na kumwandikia maiti ili aliye hai ale.

Nimezeeka, nimesoma vitabu, nimeona mji huu ukiwaka na ukipoa, na sikujua kwamba kitu kama hiki kinaweza kufanywa na binadamu.

Kuna ujumbe mmoja bado nashindwa kuupita. "Mama, Baba hajawahi kunisifia. Anasema si vibaya." Ulikuja baada ya kitenge. Kumbe ulikuwa unaniambia mimi, uso kwa uso, nami nikajibu nikiwa nyuma ya marehemu: *Anakusifia sana ukiwa hupo.* Hata hapo nilijificha. Sasa mama yako hayumo kati yetu, niseme kwa mdomo wangu na watu wa Buyenzi wasikie. Hadija, nimekuonea fahari tangu uliposhika chaki. Nilikuogopa kidogo pia, kwa sababu ulinipita mapema, na mwalimu anayepitwa na mtoto wake nyumbani hutafuta neno fupi la kujikinga. Kazi yako ni kubwa. Wewe ni mkubwa kuliko kazi hiyo.

Nimefika kwenye sababu ya kuandika leo na si kesho.

Jana Saidi alikaa kwenye kiti hiki mbele yangu, akashusha sauti. "Shemeji, Hadija anatafuta kazi sasa, wamemuita kwa mahojiano. Huu ugonjwa wako tusimwambie sasa, tumuache kwanza amalize hiyo. Akipata kazi, ndiyo tumwambie." Alisema kwa upendo, machozi yako machoni. Na unajua nini? Kichwa changu kilianza kuitikia. Baada ya yote haya! Kilikwenda chini chenyewe, kama cha mtu anayesinzia msikitini. Nilikikamata katikati. Nilishtuka kuona jinsi ilivyo rahisi, jinsi desturi inavyokushika shingo hata ukishaona ilichofanya.

Nimemwambia hapana. Tuligombana, akaondoka bila kunywa chai, akarudi, ndiye huyu anayenikunjia karatasi nyingine niandikie. Amekubali mbele ya Bi Mwamvua kwamba saa nitakayoondoka, kabla ya kuchemsha maji ya kuniosha, atakupigia kwa sauti yake, iwe uko kwenye mahojiano, iwe umelala. Nawaomba wote wanaosikia barua hii wamshike kwenye ahadi hiyo. Na mwenye mtoto ng'ambo anayefichwa jambo leo, ainuke akampigie.

Na sasa hali yangu, bila mapambo. Figo zimechoka. Daktari anaposema nami hataji miaka tena. Miguu imevimba, viatu havinitoshi. Chakula kina ladha ya chuma. Usiku sipumui vizuri nikilala chali, kwa hiyo wananiegemeza mito. Akili yangu ipo, mwandiko kama unavyouona. Naogopa, si sana, lakini naogopa. Ukiweza kuja, njoo, kazi zitakuwepo. Ukishindwa, nipigie, tuseme kweli hata kama ni fupi. Sitaki kufa nikiwa salama kwenye simu na mgonjwa kitandani.

Nakuaga kwa radhi zangu zote, na za mama yako ambazo sasa sina ruhusa ya kuzitoa kwa niaba yake, ila nazijua. Kuanzia leo ukipokea ujumbe wowote unaosema baba yako hajambo kabisa, hana neno, usiuamini, hata ukitoka kwenye namba yangu. Aliyeandika atakuwa mtu mwingine.

Huyu ni mimi, baba yako mwenyewe.